Dondoo Muhimu: Maji ya Moto, Maji ya Baridi na Joto la Tumbo

Tumbo la mwanadamu, ambalo kwa tabia yake hudumu katika joto la kadiri ya digrii 37, halitawaliwi na maji, yawe ya moto au ya barafu, ila kwa muda mchache tu.

• Glasi ya maji ya barafu huliteremsha joto la tumbo papo hapo. Lakini damu ipitayo katika kuta zake huyapasha, hata baada ya takriban nusu saa joto hilo likarejea lilivyokuwa.

• Kupasha nusu lita ya maji ya digrii 4 huugharimu mwili kilokalori zisizofika 20. Basi asitaraji mtu kukonda kwa barafu.

• Hatari iliyo dhahiri ni ya umio: mwaka 2016, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitaja vinywaji vya moto upitao digrii 65 kuwa yamkini husababisha saratani.

• Atakaye kupima homa mdomoni na angoje nusu saa baada ya kunywa.

Kwa hiyo, ewe msomaji, kunywa maji upendavyo, lakini chai ifukayo mvuke iache ipoe kwanza.