Suruali ya Kuingia Porini: Kitambaa, Mshono na Rangi

Mkazi wa Pangani aingiaye porini hukutana na mapori ya namna nyingi. Karibu na bahari kuna matope ya mikoko. Juu kidogo vipo vichaka vya miiba vilivyosongamana. Kandokando ya mashamba kuna mkonge wenye ncha mithili ya sindano. Askari wa wanyamapori wa vijiji, wajumbe wa kamati za maliasili, warina asali na wakulima wanaolinda mazao dhidi ya nguruwe na nyani hupita humo, wengi wao wakiwa wamevaa suruali yoyote iliyopatikana guliani. Mahitaji ya mwindaji ni hayo hayo, ila yeye hawezi kuingia bila leseni inayotakiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Jambo la kwanza ni kitambaa. Mnunuzi aiinue suruali kwenye mwanga: ikiwa mwanga unapenya kwa wingi, vinyweleo vya upupu navyo vitapenya, na aliyewahi kuwashwa na upupu hahitaji maelezo zaidi. Kitambaa kizuri kimefumwa kwa kubana na huonyesha mistari myembamba ya mshazari, kama ilivyo kwenye kadeti nzito na ovaroli za kazi. Jinzi huhimili miiba vizuri, lakini ikilowa huwa nzito na huchelewa kukauka. Wakati wa masika humchosha mvaaji kabla ya saa sita. Pamba iliyochanganywa na polista hukauka mapema zaidi. Hata hivyo, wanaokwenda kuzima moto wa msituni waepuke suruali ya polista tupu, kwa kuwa huyeyuka na kugandamana na ngozi.

Baada ya kitambaa, itazamwe mishono. Suruali nyingi hupasuka msambani, si gotini, hasa mvaaji anapovuka gogo au kupanda kingo za korongo. Ajaribu kuchuchumaa kikamilifu na kuinua goti hadi usawa wa kiuno, ikibana, aiache. Mshono wa ndani ya mapaja uwe umepigwa mara mbili. Magoti yanaweza kuongezwa kitambaa cha pili na fundi cherehani yeyote, na kazi hiyo ni nafuu kuliko kununua suruali nyingine. Miguu ya suruali isiwe mipana: huvutwa na miiba. Iwe na urefu wa kutosha kuchomekwa ndani ya soksi au gambuti ili kuzuia kupe na siafu.

Rangi ndiyo sehemu inayopuuzwa zaidi. Mbung'o, waenezao malale kwa binadamu na nagana kwa mifugo, huvutwa na buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Anayepita jirani na Hifadhi ya Taifa ya Saadani akiwa na jinzi ya buluu iliyokoza anajitangaza kwao. Kaki, kahawia au kijani kilichofifia vinafaa zaidi.

Zipo pia suruali za mabaka mabaka. Katika marobota ya mitumba hutokea suruali za uwindaji kutoka Ulaya na Marekani, imara na zenye mifuko mingi, na bei yake huvutia. Nchini Tanzania raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala mavazi yanayofanana nazo. Mwezi Agosti 2023, Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilitoa siku saba kwa raia wenye mavazi hayo kuyasalimisha. Muuzaji anaweza kudai kwamba mabaka yake ni ya wawindaji, si ya askari. Ubishi huo mnunuzi atabaki nao peke yake atakaposimamishwa njiani. Aliye na nguo ya aina hiyo nyumbani asiigawe wala kuiuza tena, bali aifikishe kituo cha polisi kilicho karibu.

Suruali iliyopita kwenye upupu ifuliwe peke yake, kwa maji mengi, na isichanganywe na nguo za watoto.