Jinsi ya Kumtaja Mtu Aliyeacha Dini au Chama

Habari ya mtu aliyeacha dini, chama au upande wake humfikia mwandishi ikiwa imeshahukumiwa. Waliobaki wanamwita msaliti, waliompokea wanasema amefunguka macho, na yeye mwenyewe pengine anasema amechoka tu. Ukilidaka neno la kwanza na kulipandisha kwenye kichwa cha habari, umeshachagua upande kabla hujaandika aya moja. Anza na kitenzi cha jambo lililotendeka: amerudisha kadi, ameandika barua ya kujiuzulu, amebatizwa, amesilimu, ameacha kwenda kanisani. Maneno ya hukumu yaje baadaye, yakiwa mdomoni mwa aliyeyasema.

Mfano mzuri wa kujipima ni Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, na mwaka uliofuata akabatizwa Aden kwa jina la Emily na kuolewa na Mjerumani, Heinrich Ruete. Kwa jamaa zake Waislamu alikuwa ameritadi, yaani ameuacha Uislamu; kwa Wakristo waliombatiza alikuwa ameongoka. Kila neno lina haki kwa wenyewe, lakini mwandishi wa historia akilifanya mojawapo kuwa lake, ameshaketi barazani mwa mmoja wa wagomvi. Andika kwamba alibatizwa Aden mwaka 1867, na kila msomaji atakuelewa. Ukifika mwaka 1885, aliporudi Zanzibar na nduguye Sultani Barghash akakataa kumpokea, hapo eleza kuritadi ni nini na kulibeba uzito gani kwa ukoo ule. Usisahau pia kwamba alikuja na manowari za Wajerumani, maana dini haikuwa kisa pekee.

Kuritadi na murtadi ni maneno ya Kiislamu, tena ya kisheria. Usimbandike Mkristo maneno hayo, wala usiyatumie kwa mtu aliyehama chama ili kunogesha sentensi. Katika mitaa yetu mtu akiitwa murtadi anaweza kupoteza ndoa, urithi, hata usalama wake, kwa hiyo usiliandike jina hilo kwa sababu tu jirani amesema. Walokole nao wana lao: amerudi nyuma. Ni neno la watu wanaotarajia mwenzao atarejea, na ukiandika juu yao lihifadhi kama lilivyo. Kukana ni jambo jingine tena, kwa kuwa anayekana hutamka. Petro alimkana Yesu kwa maneno, na Mashahidi wa Uganda waliochomwa moto Namugongo mwaka 1886 wanakumbukwa kwa sababu hawakutamka. Kijana aliyeacha kusali kimyakimya tangu aende chuo hajakana chochote.

Kwenye siasa, swali la kwanza ni nani aliyeanza. Wapo wanaosema mwanasiasa wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, alihama CCM, chama tawala. Hakuhama. Alifukuzwa mwaka 1988. Mwaka 2019, baada ya mgogoro mrefu ndani ya CUF, chama chake cha baadaye, ndipo alipoondoka kwa hiari yake na wafuasi wake kwenda ACT-Wazalendo, na hapo kuhama ni neno sahihi. Zitto Kabwe naye alifukuzwa Chadema mwaka 2015. Tofauti hiyo inabadilisha habari nzima, kwa sababu aliyefukuzwa hawezi kulaumiwa kwa kuvunja ahadi ambayo wenzake ndio walioivunja.

Waziri Mkuu wa zamani wa Tanzania, Edward Lowassa, alitoka CCM Julai 2015, akagombea urais kwa tiketi ya Chadema, akarejea CCM Machi 2019. Safari mbili hizo zilipewa majina tofauti kabisa na watu walewale: ya kwanza usaliti, ya pili kurudi nyumbani. Ukitumia kuhama kwa ya kwanza, tumia kuhama kwa ya pili. Vivyo hivyo kwa wabunge na madiwani wa upinzani waliojiunga na CCM kati ya 2017 na 2018 wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais Magufuli. Hiyo ni sababu waliyoitoa wao; iweke kama kauli yao, kisha mweleze msomaji kilichofuata, kwamba kwa Katiba ya Tanzania mbunge anayeacha chama chake hupoteza kiti. Kwa wasomaji wa Kenya unaweza kuandika amegura chama, kwani magazeti yao yameshawazoesha. Tanzania Bara wengi watakwama.

Kuasi kunahitaji uangalifu. Askari wa Tanganyika Rifles walioasi Januari 1964 hawakuacha jeshi. Walibaki jeshini wakakataa amri, wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Askari anayeondoka bila ruhusa ametoroka. Usichanganye mwasi na mtoro. Uhaini ndio wa kuogopwa zaidi, kwa sababu ni kosa la jinai ambalo adhabu yake Tanzania yaweza kufikia kifo. Liandike pale tu penye mashtaka, na uikamilishe habari yake. Mpigania uhuru Bibi Titi Mohamed alitiwa hatiani kwa uhaini na kuhukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa mwaka 1972, na leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake. Ukiishia kwenye hukumu unamwacha gerezani.

Ukipata nafasi ya kuzungumza na mhusika, usimuulize kwa nini amesaliti, wala kwa nini ameona mwanga. Muulize yeye mwenyewe anakiitaje alichofanya. Wengi hujibu kwa neno ambalo hukulitarajia: nimepumzika, nimejiondoa, nimekaa pembeni. Liandike hilo. Kisha uliza siku ya mwisho aliyohudhuria kikao au ibada, alimweleza nani kwanza, na nani bado anazungumza naye.

Kazi ngumu kuliko zote ni wasifu wa marehemu, maana utasomwa mbele ya jeneza na ndugu wa pande zote mbili. Usiruke miaka ya huko alikotoka, hata wafiwa wakikusihi. Andika: kuanzia mwaka fulani alikuwa mzee wa kanisa, na kuanzia mwaka fulani aliswali msikiti fulani. Kabla ya maziko, msomee aya hiyo mtu mmoja kutoka kila upande.