AFYA YAKO: Kikombe cha Kwanza Hutoka Wapi?



Wapenzi wasomaji, mwezi uliopita tulizungumza juu ya minyoo kwa watoto wa shule. Mwezi huu tuzungumzie ulevi kwa vijana, kwani wazazi wengi wameniulizia jambo hili baada ya Misa na hata sokoni Tengeru siku ya Jumamosi. Karibu wote huuliza swali moja: "Nesi, ni nani anawapa watoto wetu vitu hivi?" Hutazamia niwataje vijana wa stendi au wauza bangi.

Ni kweli wapo. Mwaka 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya iliteketeza mashamba ya bangi huko Kisimiri Juu, humu humu wilayani Arumeru. Viroba vya pombe kali vilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Machi 2017, lakini pombe yenyewe haikuondoka, ilihamia kwenye chupa.

Hata hivyo, kijana anayeletwa wodini kwa ajili ya ulevi huwa namwuliza, akishapata nafuu: "Mara ya kwanza ulionja wapi?" Wengi hawataji stendi. Wanataja nyumbani. Mmoja wa miaka 19, aliyeletwa hana fahamu baada ya kunywa gongo, alinijibu kwamba ilikuwa siku ya sherehe ya Kipaimara chake. Mjomba wake alimpa nusu glasi ya bia, akasema leo umekuwa mwanaume, na watu wakapiga makofi. Baba wa kijana alikuwa amesimama kando ya kitanda. Hakusema neno. Alitoka akakaa kwenye benchi la nje mpaka saa ya kuona wagonjwa ikaisha.

Wengine watasema nusu glasi si kitu. Kwa mtu mzima pengine, lakini kwa mtoto si hivyo. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa mpaka miaka ishirini na kitu, na sehemu inayochelewa kukomaa ni ile ya kujizuia na kupima madhara. Kileo kikiingia mapema, ubongo hujifunza kukitegemea kabla haujajifunza kukikataa. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 1997 ulionyesha kwamba kati ya watu walioanza kunywa kabla ya miaka 15, zaidi ya 4 katika kila 10 walikuja kuwa watumwa wa pombe. Kwa walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi, alikuwa kama 1 katika kila 10. Kwa hiyo kila mwaka tunaomcheleweshea mtoto kikombe cha kwanza una faida. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza kumwuzia pombe au sigara mtu aliye chini ya miaka 18.

Kuna wanaonijibu kwa arusi ya Kana. Nami huwaambia kuwa ile divai ilipelekwa kwanza kwa mkuu wa meza, si kwa watoto.

Jambo gumu zaidi ni mbege. Mama mmoja anayepika kila wiki aliniambia, "Nesi, sare, madaftari na michango ya shule vimetoka kwenye pipa hili." Sikuweza kumwambia aache, kwani mimi sitamlipia hiyo michango. Nilimwomba mambo mawili tu: watoto wasionjeshwe ili kujua kama imeiva, na wasiwahudumie wanywaji. La kwanza alikubali palepale. La pili lilimsumbua, maana mwenye kushika kata alikuwa binti yake wa darasa la saba. Siku hizi anauza mpaka saa kumi alasiri, kabla binti hajarudi shule, na wateja kadhaa wamemhama. Hiyo ni hasara ya kweli, nami sikumficha.

Jumuiya moja ya hapa kwetu nayo ilikubaliana kwamba sherehe za Komunyo ya Kwanza na Kipaimara ziwe na soda, maji na chakula cha kutosha, basi. Mwaka wa kwanza manung'uniko yalikuwa mengi na wageni waliondoka mapema. Watoto hawakunung'unika, keki ilitosha.

Sasa, ikiwa kijana wako amekwisha kuzoea, usimfungie chumbani aache kwa siku moja. Anayekunywa sana kila siku akikatishwa ghafla anaweza kutetemeka, kuweweseka na hata kupata degedege, na wengine hufa. Mlete hospitali aachishwe kwa uangalizi, na umlete bila matusi, ili arudi tena tukimpangia tarehe.

Ukimkuta amelewa hana fahamu, mlaze ubavu ili akitapika asipaliwe. Usimnyweshe maziwa, usimmwagie maji ya baridi, usimtapishe kwa kidole. Mfunike apate joto, kaa naye, mtume mtu atafute usafiri. Akiwa anapumua polepole au kwa kukoroma, au akisema haoni vizuri baada ya kunywa gongo, usingoje asubuhi. Hata saa nane za usiku mlinzi atakufungulia lango.