SOMO KWA MAKATIBU: KADI YA KUINGILIA KOMPYUTA KUU

Kila katibu anafahamu utaratibu wa kasha la fedha: funguo hugawanywa kwa watu zaidi ya mmoja, ili asiwepo awezaye kulifungua peke yake. Zamani za vitabu vya mkono, mwandiko wenyewe ulimtambulisha aliyeandika. Kompyuta haina mwandiko. Malipo ya mahindi yakiingizwa saa nne usiku kwa jina la katibu, mkaguzi ataliona jina la katibu, wala hatauona mkono ulioyaingiza.

Ichukuliwe kuwa kompyuta kuu, yaani seva, imewekwa katika ofisi ya chama kikuu mjini Njombe, na katibu wa chama cha msingi yupo Makambako, mwendo wa kilometa zipatazo 60. Kwa njia ya mtandao katibu huiona seva katika kioo cha kompyuta yake, akafanya kazi humo kana kwamba ameketi Njombe. Hesabu zenyewe haziondoki katika seva. Faida ni kubwa, maana safari ya basi ya kupeleka vitabu imekwisha. Lakini mlango unaomfungukia katibu waweza kumfungukia na mwizi aliye popote duniani, ikiwa kinachomzuia ni neno la siri peke yake. Neno la siri hukisiwa, husikika, na aghalabu huandikwa nyuma ya kalenda ya ofisi.

Kwa sababu hiyo hutumika kadi yenye chipu. Ndani ya chipu mna ufunguo wa siri usiotoka nje kamwe. Seva huuliza swali, na kadi hulijibu kwa kutia saini yake, baada ya mwenye kadi kuingiza namba yake ya siri. Mwizi wa kadi hana namba, na aliyechungulia namba hana kadi. Anayebahatisha namba mara kadhaa, kadi hujifunga.

Majina ya watumiaji wote hukaa katika saraka, ambayo ni mfano wa rejista ya wanachama. Katika kompyuta za Windows saraka hiyo ni Active Directory, iliyotoka mwaka 2000. Humo mtaalamu huandika kanuni za kundi, nazo hufika kwa kila kompyuta iliyosajiliwa. Zipo tatu zisizoepukika. Seva iruhusiwe kuisoma kadi iliyochomekwa Makambako. Mtumiaji asiingie bila kadi. Kadi ikichomolewa, kazi ikatike papo hapo. Katibu akitoka kutazama mizani ya viazi, asiache hesabu wazi mezani. Kanuni hii ya tatu haifanyi kazi mpaka huduma ya Windows inayosimamia uchomoaji wa kadi iwashwe, jambo ambalo mafundi wengi husahau.

Kanuni mpya hufika kwa kawaida baada ya dakika 90 hadi 120, hivyo asiyeyaona mabadiliko mara moja asikimbilie kulalamika. Tena kanuni ya saraka nzima husomwa kwanza, ya kitengo kidogo husomwa baadaye, na iliyosomwa mwisho ndiyo hushinda. Katika ushirika mambo ni kinyume: masharti ya chama cha msingi hayawezi kuishinda Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013. Mtaalamu wa Njombe hana budi kuzitia kanuni hizi alama ya ulazima, ili kitengo kisizipindue.

Kadi ikikataliwa, saa ya kompyuta itazamwe kwanza. Tofauti inayovumiliwa ni dakika 5, na betri ndogo ya ndani ikifa, kompyuta huweza kurudi miaka mingi nyuma, ikakiona cheti cha kadi kuwa hakijaanza kutumika.

Kadi ikipotea, katibu apige simu Njombe saa ile ile, asingoje kuitafuta kwanza nyumbani. Mtaalamu atakifuta cheti chake. Lakini hiyo haitoshi. Orodha ya vyeti vilivyofutwa hutolewa kwa vipindi, pengine mara moja kwa juma, na seva huendelea kuiamini nakala ya zamani mpaka muda wake uishe. Kwa hiyo jina la katibu lifungwe katika saraka siku hiyo hiyo, na kazi yoyote iliyo wazi kwa jina hilo ikatwe.

Hatari iliyo kubwa zaidi haitoki kwa wezi. Katibu aendaye msibani humwachia karani kadi, pamoja na namba, ili wakulima wasicheleweshewe malipo. Nia ni njema. Lakini tangu hapo kila shilingi itakayopotea imeandikwa kwa jina lake, naye hana ushahidi wa kujitetea. Karani apewe kadi yake mwenyewe, katika kundi lenye ruhusa ndogo, kabla ya msiba kutokea. Kadi zote ziandikwe katika daftari: jina, tarehe ya kukabidhiwa, na tarehe ya cheti kuisha. Anayeacha kazi airudishe siku ya makabidhiano, pamoja na funguo za ghala.