Neno 'shall' katika mkataba wa kazi: mwongozo kwa anayesaini na anayeandika

Mikataba mingi ya ajira Tanzania na Kenya bado huandikwa kwa Kiingereza, na ndani yake hakuna neno dogo lenye uzito kama 'shall'. Ndilo linaloamua mshahara ulipwe lini, nani atoe notisi na nani agharamie nauli ya kurudi nyumbani kazi ikiisha. Mfanyakazi aliyefundishwa shuleni kwamba 'shall' ni alama ya wakati ujao hukisoma kifungu akadhani anaelezwa mambo yatakayotokea, kumbe anaelezwa nani amefungwa na jambo gani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi tawini, na kwa ofisa anayepewa kazi ya kuandaa mkataba bila kuwa mwanasheria.

Kanuni ile ya shuleni, kwamba 'I' na 'we' huchukua 'shall' na nafsi nyingine huchukua 'will', ina historia ndefu. Mwaka 1653 John Wallis, mwanahisabati wa Uingereza, alichapisha sarufi ya Kiingereza iliyoandikwa kwa Kilatini. Humo alieleza kwamba kwa nafsi ya kwanza 'shall' ni kutabiri tu, lakini kwa nafsi ya pili na ya tatu ni kuahidi au kutisha. Wengi wetu tumebaki na nusu ya kwanza ya maelezo yake na kuisahau ya pili, ambayo ndiyo yenye faida kwa mfanyakazi. Neno lenyewe ni la kale kuliko Wallis: katika Kiingereza cha kale lilimaanisha kudaiwa. Maana hiyo ya deni ndiyo iliyobaki katika mikataba, na ndiyo njia bora ya kulisoma. Kila unapoliona 'shall', mtafute mdaiwa.

Mdaiwa ni nani?

Anza na sentensi nyepesi: "The Employer shall pay the Employee on or before the last working day of each month." Mtenda ni mwajiri, kwa hiyo mwajiri ndiye anayedaiwa. Siku ya mwisho ya kazi ikipita bila mshahara kuingia, amevunja mkataba, na hakuna haja ya kubishana kama alikusudia au hakukusudia. Kinyume chake: "The Employee shall give 28 days' written notice." Hapa mdaiwa ni wewe. Ukiondoka bila notisi ya maandishi, umeacha deni nyuma yako.

Ugumu huanza sentensi inapogeuzwa kuwa ya kutendwa, na waandishi wa mikataba wanaipenda sana kauli hiyo. Chukua mlinzi aliyeajiriwa na kampuni ya wakala wa ajira, lakini analinda ghala la kampuni nyingine. Mkataba wake unasema: "Accommodation and protective clothing shall be provided." Malazi na mavazi ya kinga lazima yatolewe, sawa, lakini na nani? Wakala atasema ni jukumu la mwenye ghala. Mwenye ghala atasema hana mkataba na mlinzi. Deni lipo kwenye karatasi ila mdaiwa hayupo, na anayelala nje bila koti la mvua ni mlinzi. Dawa yake ni maneno matatu tu kuongezwa kabla ya kusaini: "by the Employer". Mwajiri mwenye nia njema hana sababu ya kuyakataa. Akiyakataa, umejua jambo muhimu mapema.

Kauli hiyohiyo inaweza kukuelemea wewe. "All tools shall be kept in good condition and losses shall be made good." Hasara ifidiwe na nani? Fundi asiyeuliza atashtuka siku mashine ya kuchimbia inapoibwa usiku yeye akiwa nyumbani. Kifungu cha namna hii kiandikwe upya kwa kumtaja mhusika na kuweka mipaka: fidia kwa uzembe wa mfanyakazi ni jambo moja, wizi katika ghala lenye mlinzi wa kampuni ni jambo jingine.

'Shall' isiyo na deni

Si kila 'shall' inamfunga mtu. "'Salary' shall mean the basic salary" inaeleza maana tu. "Notice shall be deemed received three days after posting" inaweka kanuni ya kuhesabu siku. "The Employee shall be entitled to annual leave" inampa mfanyakazi haki, wala haimtwishi wajibu, ingawa yeye ndiye mtenda kisarufi. Kuna kipimo cha haraka: weka 'has a duty to' mahali pa 'shall' kisha usome sentensi nzima. Mwajiri ana wajibu wa kulipa: inaleta maana. Notisi ina wajibu wa kuhesabiwa imepokelewa: haileti maana, kwa sababu karatasi haiwezi kuwa na wajibu. Kipimo hiki kikikataa, na si kwa sababu mdaiwa amefichwa na kauli ya kutendwa, jua kwamba neno limetumika kwa mazoea.

Aina ya kuogopwa zaidi ni 'shall' iliyotolewa meno na maneno yanayoifuata. "The Company shall endeavour to provide transport" haiahidi usafiri, inaahidi kujaribu. "Where possible" inamwachia mwajiri aamue kinachowezekana. Na hii hapa nimeona ikisomwa kwa furaha na watu wazima wenye elimu: "The Company shall, at its sole discretion, pay an annual bonus." Macho yanaona 'shall pay' na bonasi, yanaruka maneno manne ya katikati. Kwa hakika mwajiri amejiachia hiari kamili ya kulipa au kutolipa, sawasawa na kama angeandika 'may'. Usiiweke bonasi hiyo kwenye bajeti ya ada za shule.

Katika ukanushi, 'shall not' ni katazo lisilo na shaka. 'May not' ni kauli ya kukwepwa. "The Employer may not renew this contract" inaweza kusomwa kwamba mwajiri haruhusiwi kuuhuisha mkataba, au kwamba huenda asiuhuishe. Anayeandika achague: 'shall not' au 'must not' kwa katazo, na 'is not obliged to' pale ambapo mwajiri halazimiki.

Sheria na mahakama zinasemaje

Tanzania imeliweka jambo hili ndani ya sheria. Kifungu cha 53 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kinasema kwamba 'may' inapotoa mamlaka, mwenye mamlaka hayo ana hiari ya kuyatumia au kutoyatumia, na 'shall' inapompa mtu jukumu, jukumu hilo lazima litekelezwe. Kwa hiyo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaposema kwa 'shall' kwamba saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa msingi, mwajiri hana pa kuchagua. Angalizo: kifungu cha 53 kinahusu sheria zilizotungwa, si mkataba wako binafsi. Mkataba husomwa wote kwa pamoja, ili kuona wahusika walikubaliana nini.

Hata kwenye sheria neno hili limezua mabishano makubwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 81, inatumia 'shall' kusema kwamba wajumbe wa vyombo vya kuchaguliwa wasizidi theluthi mbili wa jinsia moja. Tarehe 11 Desemba 2012 majaji wengi wa Mahakama ya Juu walitoa maoni kwamba, kwa Bunge la Taifa na Seneti, sharti hilo litekelezwe hatua kwa hatua, na wakaweka ukomo wa tarehe 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga hakukubaliana nao. Hoja zake nazo zilikuwa na nguvu, na wanawake wa Kenya bado wanalipa gharama ya tafsiri ile.

Kwa sababu ya mabishano kama hayo, waandishi wengi wa sheria duniani wamelikimbia neno hili. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 inatumia 'must'. Marekani ililiondoa katika kanuni za mahakama za shirikisho za mashauri ya madai mwaka 2007. Lakini katika kanuni ya 56, ambako nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na 'should', ililazimika kulirudisha mwaka 2010, kwa kuwa badiliko lilitishia kubadili maana iliyozoeleka mahakamani. Anayefikiri kulibadilisha neno hili ni kazi ya kubofya tu kwenye kompyuta aikumbuke kanuni hiyo ya 56.

Ukiwa wewe ndiye unayeandika

Katika mkataba mpya wa ajira, ninapendekeza 'must' kwa wajibu, 'may' kwa ruhusa, 'is entitled to' kwa haki na 'means' kwa maana ya maneno. Msomaji wa kawaida hawezi kuichanganya 'must' na wakati ujao. Ukiamua kubaki na 'shall', itumie kwa wajibu peke yake, tena daima mbele ya mhusika aliyetajwa.

Viwandani na kwenye zabuni mambo ni tofauti. Viwango vya kimataifa vya ISO, kikiwemo ISO 9001 cha mwaka 2015, vinatenganisha wazi: 'shall' ni sharti, 'should' ni pendekezo, 'may' ni ruhusa, 'can' ni uwezekano. Mwongozo wao wa uandishi unakataza 'must' kutumika badala ya 'shall'. Mkaguzi akija kiwandani hufuata kila 'shall' na kuomba ushahidi wake. Kwa hiyo ukiwa unaandaa taratibu za ubora, acha neno lao kama lilivyo. Na ukiwa unajibu zabuni, pitia nyaraka zote kwa kalamu, pigia mstari kila "The tenderer shall", na usifunge bahasha wala kubofya kutuma mpaka kila mstari uwe na kiambatisho chake.

Anayetafsiri kwa Kiswahili ana mtego wake. "Mwajiri atalipa" ndiyo desturi ya lugha ya sheria, na tangu Tanzania ilipokifanya Kiswahili lugha ya sheria mwaka 2021 tutaiona zaidi. Lakini kwa mfanyakazi, 'atalipa' inasikika kama ahadi ya mdomo. Kwenye mkataba, "mwajiri analazimika kulipa" au "ni wajibu wa mwajiri kulipa" haimwachi mtu na swali.

Kwenye mazungumzo, neno hilihili ni la adabu. "Shall we begin?" kikaoni ni sawa na kusema, jamani, tuanze? "Shall I bring the file?" ni kujitolea kulileta faili. Ila usimwandikie mteja "You shall pay by Friday", kwa maana hiyo ni amri. Andika "Please pay by Friday" na tarehe yenyewe.

Kabla ya kusaini

Usione haya kuomba kueleweshwa. Tanzania, kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mfanyakazi asiyeelewa maelezo ya maandishi ya ajira yake anafafanuliwa kwa namna atakayoielewa. Kenya, kifungu cha 9 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mfanyakazi asiyeuelewa mkataba anaelezwa kwa lugha anayoielewa. Sheria zote mbili zinaweka wajibu huo kwa 'shall', na mdaiwa ametajwa waziwazi: ni mwajiri. Ombi liwe la maandishi, litaje namba za vifungu usivyovielewa, na nakala ubaki nayo. Kama mkataba uko katika lugha mbili, uliza pia ni nakala ya lugha ipi itakayofuatwa ukitokea mgogoro, kisha hakikisha jibu hilo limeandikwa ndani ya mkataba wenyewe.