Somo la Afya Lianzie Mtoni

Ukiingia darasa la sekondari kando ya mto Tana, kuanzia Wenje kuteremka hadi Garsen, usianze kwa kuandika maana ya afya ubaoni. Uliza swali moja: nani hapa ana ndugu aliyewahi kukojoa damu? Kisha nyamaza. Watatazamana, wavulana wa nyuma watacheka, halafu mkono mmoja utapanda, na wa pili utaufuata. Nimesema ndugu kwa makusudi. Kijana wa miaka 15 hatajitaja mbele ya wenzake, lakini atamtaja kaka yake, na mara nyingine huyo kaka ni yeye mwenyewe.

Walimu wengi hulalamika kwamba vipindi vya stadi za maisha havina nafasi. Ni kweli: kwa kuwa somo halitahiniwi, hisabati hulipora saa zake. Ndiyo maana nashauri uchague jambo moja ambalo mwili wa mwanafunzi unalijua tayari, ulifundishe mpaka mwisho, kuliko kugusa mambo kumi juu juu. Katika nchi hii ya mto, jambo hilo ni kichocho.

Chora duara ubaoni. Mkojo wenye mayai unaingia majini. Mayai yanaanguliwa, vijidudu vinamtafuta konokono wa maji, vinakomaa na kuongezeka ndani yake, kisha vinatoka kwa maelfu na kutoboa ngozi ya anayeoga, anayefua au anayevua. Mwilini hugeuka minyoo inayokaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu. Sasa wape chaki waseme duara hili linaweza kukatwa wapi. Ukisikia mmoja akisema kwamba mkojo wa damu ni dalili ya mvulana kubalehe, usimcheke. Imani hiyo ipo katika sehemu nyingi zenye kichocho. Muulize tu: mbona na wasichana wadogo wanakojoa damu?

Usimalize kwa kuwaambia wasiende mtoni. Ushauri huo hauna maana kwa mtoto ambaye mamake anafua huko, shamba lao liko ng'ambo, na mtumbwi ndio gari lao. Fundisha yanayowezekana. Konokono hupenda maji yaliyotulia yenye majani: madimbwi, mifereji, vidimbwi ambavyo mto umeviacha nyuma ulipobadili njia. Mkondo wenye kasi una hatari ndogo zaidi. Vijidudu hutoka kwa wingi jua likiwa juu, kwa hiyo mchana ndio wakati mbaya zaidi wa kuogelea. Hapo mwanafunzi mwerevu atakwambia kwamba alfajiri na magharibi ni saa za mamba. Ana haki, na mjadala huo una thamani kuliko kurasa tano za kitabu. Njia ya tatu ipo: maji yaliyotekwa na kuwekwa kwenye mtungi siku mbili bila konokono ndani yanafaa kuoga, kwa sababu vijidudu hivyo hufa. Hayafai kunywa kabla ya kuchemshwa au kutiwa dawa. Sisitiza tofauti hiyo, maana ndipo watu wanapochanganyikiwa.

Kisha fanyeni ramani. Hapa panga vikundi kwa uangalifu: katika kila kikundi awemo mtoto wa wakulima wa Kipokomo na mtoto wa wafugaji wa Kiorma au Kiwardei. Wa kwanza anajua kingo za mashamba na vivuko, wa pili anajua malka ambako mifugo hunyweshwa. Kila mmoja ana nusu ya ramani. Waweke alama palipo na konokono, palipo na choo na pasipo na choo. Darasa ambalo wazazi wake wanakumbuka mapigano ya mwaka 2012 kati ya wakulima na wafugaji hawa linahitaji kazi ya namna hii, ambapo hakuna anayeweza kumaliza bila mwenzake.

Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na hutolewa kwa uzito: miligramu 40 kwa kila kilo. Kidonge kina miligramu 600. Waache wapige hesabu ya mwenzao wa kilo 45. Watapata vidonge vitatu. Waeleze kwamba mhudumu wa afya ndiye anayepima na kutoa, kwamba mtu ale kwanza, na kwamba dawa haizuii kuambukizwa tena. Kampeni za shuleni zimezoea kulenga watoto wa miaka 5 hadi 14, hivyo mwanafunzi wa sekondari husahaulika kwa urahisi. Wewe usimsahau. Zungumza na dispensari na wahamasishaji wa afya ya jamii kabla ya somo, ili atakayekwenda kesho asirudishwe mikono mitupu.

Wasichana wapewe kipindi chao, na mwalimu wa kike au muuguzi. Kichocho kinaweza kushika sehemu za siri za mwanamke na kuleta maumivu, uchafu na kutokwa na damu, dalili ambazo hudhaniwa kuwa za ugonjwa wa zinaa. Msichana ambaye hajalala na mwanamume anaweza kutukanwa nyumbani kwa sababu ya konokono. Aambiwe haya waziwazi, na apewe maneno ya kumwambia mhudumu: naoga mtoni tangu utotoni, naomba nipimwe kichocho.

Mlango huo ukishafunguka, maswali mengine yataingia. Weka sanduku lenye kufuli. Kila mwanafunzi atie karatasi, hata aliye na swali la utani, ili asijulikane aliyeandika. Yatakuja ya hedhi: sheria ya mwaka 2017 inaipa serikali wajibu wa kutoa sodo bure kwa wasichana wa shule za umma, basi uliza zimefika wapi. Yatakuja ya ukeketaji, uliopigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2011. Karatasi ikionyesha mtoto yuko hatarini, usiisome darasani. Namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure. Iandike ukutani mwaka mzima.

Na yatakuja ya mafuriko. Waliohama nyumba mwaka 2018, tena 2023, tena 2024, hulala wakisikiliza mvua. Usiwalazimishe kusimulia. Wape kazi ya mikono: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, wakoroge na kuonja, wajue kumwokoa mdogo wao anayeharisha njia ikikatika.

Ile ramani ibaki ukutani. Maji yakishapungua, watoke nayo tena wakiwa na penseli na kifutio, kwa sababu vidimbwi vitakuwa vimehama.