NDAMA WA SAMIRI NA NYOKA WA SHABA

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, tumeulizwa katika darasa letu la Webuye: Yawaje Bani Israili, waliopasuliwa bahari na adui yao akagharikishwa mbele ya macho yao, wakamwabudu ndama? Swali hili ni kubwa, na jawabu lake latuhusu sisi kuliko tunavyodhani.

Nabii Musa alipokwenda mlimani kwa miadi ya Mola wake, aliahidiwa siku thelathini, kisha zikatimizwa kwa kumi zikawa arubaini. Katika siku hizo ndipo Samiri alipowatolea watu, kwa mapambo yao wenyewe, kiwiliwili cha ndama chenye kulia. Kitabu cha Kutoka, mlango wa 32, chasema kuwa Harun ndiye aliyemfanya. Na Qurani yamtakasa Harun, kwamba yeye aliwakataza, nao wakakaribia kumwua. Lakini zingatieni jambo moja: watu wale hawakusema kuwa hawamtaki Mungu. Waliambiwa kuwa ndama yule ndiye Mungu wao na Mungu wa Musa, wakasadiki. Basi ushirikina haukuingia kwa jina la ukafiri. Uliingia kwa jina la dini.

Na katika vitabu vyao mna kisa kingine. Yasemwa Musa aliamrishwa kufanya nyoka wa shaba, ili aliyeumwa na nyoka amtazame apone. Zikapita karne, watu wakawa wakimfukizia ubani nyoka yule, hata mfalme Hezekia wa Yuda, yapata miaka mia saba kabla ya Nabii Isa, akamvunja vipande vipande. Qurani haikukitaja kisa hiki, nasi hatukisadiki wala hatukikadhibishi. Lakini mazingatio yake ni wazi. Kitu hicho asili yake ilikuwa njema, nacho kilitoka mkononi mwa mtu mtukufu; wala utukufu huo haukumzuia mfalme kukivunja kilipoanza kuabudiwa.

Hapa Webuye, twaishi chini ya kilima cha Chetambe, walipouawa Wabukusu wengi mwaka 1895 na jeshi lililoongozwa na Mwingereza Hobley. Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa iliyopigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka 1948, aliwakusanya watu papo hapo kuwakumbuka wafu wao. Wako ndugu zetu watokao pwani ambao huwacheka majirani hawa kwa habari ya misambwa, yaani mizimu ya wazee wao. Twawaambia: Msicheke. Hawa tangu zamani humjua Muumba mmoja, wakimwita Wele. Na Qurani imetukataza kuwatukana wanaoombwa kinyume cha Mungu, wasije watu wakamtukana Mungu kwa ujinga.

Kisha tujitazame wenyewe. Mtoto ashikwapo na homa usiku, ni nani kwetu hukimbilia dua na daktari, na ni nani hukimbilia hirizi? Biashara idodapo, ni nani huweka nadhiri kwenye kaburi la sharifu, akimwambia maiti, "Nitazame"? Kuzuru makaburi ni sunna, ili tukumbuke mauti na tuwaombee waliotangulia. Kuwaombea ni jambo moja, na kuwaomba ni jingine kabisa. Tofauti yake katika maneno ni ndogo, na katika itikadi ni kama mbingu na ardhi.

Huenda mtu akasema, "Sisi hatuwaabudu, twawafanya wasila tu." Neno hili si geni. Washirikina wa Makka walisema hivyo hivyo, kwamba hawayaabudu masanamu ila yapate kuwakurubisha kwa Mungu, wala udhuru wao haukukubaliwa.

Basi, enyi ndugu zetu, kila mmoja na atazame shingoni mwa mwanawe na moyoni mwake mwenyewe, kabla hajamnyoshea kidole Samiri. Mwenyezi Mungu atuthubutishe juu ya tauhidi, sisi na watoto wetu. Amin.